Kuunganisha pingili za kiuno: daktari aingilie mgongoni, tumboni au ubavuni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Tanga. Wanaonijia na kiuno ni makuli wa bandarini, wazee waliokata mkonge ujanani, kina mama wakulima kutoka Pongwe na Muheza, madereva wa malori. Baadhi yao hurudi kutoka Dar es Salaam na karatasi yenye herufi TLIF, PLIF au ALIF, yaani majina ya njia za kuunganisha pingili, na swali lao ni lile lile: njia ipi ni bora? Mimi sipasui. Lakini hukaa na mgonjwa kabla hajaenda na baada ya kurudi, na nimeona watu wengi wakibishana juu ya mlango wa kuingilia ilhali hakuna aliyewaeleza kwa nini nyumba inafunguliwa. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Kuunganisha pingili ni kufanya nini hasa?

Kiuno kina pingili 5, L1 hadi L5, zilizokaa juu ya mfupa uitwao sakramu, ambao sehemu yake ya juu ni S1. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na kwa nyuma kuna viungo vidogo viwili, kulia na kushoto. Diski ikisinyaa, viungo vile hubebeshwa mzigo usio wao, huota mfupa wa ziada, na njia ya neva hubanwa. Mara nyingi shida huwa chini kabisa, kati ya L4 na L5 au L5 na S1, maana huko ndiko uzito wa mwili unakoangukia.

Upasuaji wa kuunganisha hufanya pingili mbili au zaidi ziote kuwa mfupa mmoja, kama mguu uliovunjika unavyounga. Watu husema "kuwekewa vyuma", na hapo ndipo wanapopotea. Skrubu na fito za titani haziungi kitu. Kazi yake ni kushikilia mpaka mfupa uliopandikizwa ushikane na wa zamani, jambo linalochukua miezi 6 hadi 12, pengine zaidi. Mfupa usiposhikana, chuma huchoka: skrubu hulegea au hukatika. Hibbs na Albee, walioanzisha upasuaji huu New York mwaka 1911, hawakutumia skrubu. Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenye kifua kikuu cha mgongo, akakipandikiza mgongoni.

MRI imesema diski zangu zimechakaa. Nipasuliwe?

Si kwa karatasi hiyo peke yake. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu wasioumwa mgongo kabisa. Katika umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Katika umri wa miaka 80, asilimia 96. Wote hao hawakuwa na maumivu. Kwa hiyo picha ni lazima ikubaliane na mwili: neva inayoonekana kubanwa iwe ndiyo ile ile inayopeleka ganzi mahali unapoisikia mguuni.

Sababu zenye nguvu za kuunganisha ni pingili iliyoteleza juu ya mwenzake na bado inacheza, mgongo uliopinda kwa uchakavu, au pale ambapo daktari, ili aipe neva nafasi, lazima aondoe mfupa mwingi hadi pingili zibaki bila kishikizo. Diski iliyochomoza kwa mara ya kwanza kwa kawaida haihitaji kuunganishwa. Huondolewa kile kipande kilichochomoza, na wengi hupona hata bila hivyo. Maumivu ya kiuno tupu, yasiyoshuka mguuni, ndiyo sababu dhaifu kuliko zote.

Kwetu huku kuna jambo jingine ambalo siliachi lipite. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata ukilala: hayo usiyaite uchakavu mpaka kifua kikuu cha mgongo kitafutwe na kikosekane. Kikipatikana mapema, wengi hutibiwa kwa vidonge. Na mzee wa kiume mwenye maumivu mapya ya kiuno apimwe tezi dume, kwa sababu saratani yake hupenda kwenda kwenye mifupa ya kiuno.

Neva ikifunguliwa tu, bila kuunganisha pingili, haitoshi?

Natamani kila mgonjwa aulize hivi kabla ya kuuliza habari za mbele na nyuma. Kufungua neva ni upasuaji mmoja: mfupa na kano zilizoziba njia huondolewa. Kuunganisha ni upasuaji wa pili unaoongezwa juu yake. Kwa miaka mingi viwili hivyo vilifanywa pamoja kama mazoea, hasa pingili ikiwa imeteleza kidogo.

Mwaka 2016 madaktari wa Sweden walitoa matokeo ya wagonjwa 247 wenye njia nyembamba ya neva, wa umri wa miaka 50 hadi 80. Baadhi yao walifunguliwa neva tu, wengine wakafunguliwa na kuunganishwa, kwa kura. Baada ya miaka 2 hali zao zililingana, na waliofuatiliwa hadi miaka 5 pia. Waliounganishwa walikaa mezani muda mrefu zaidi, walipoteza damu zaidi na waligharimu zaidi. Mwaka 2021 Norway ikaleta wagonjwa 267, wote wakiwa na pingili iliyoteleza, na kufungua peke yake hakukushindwa. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 66, uliona waliounganishwa wakiishi vizuri kidogo zaidi na wachache wao wakirudi mezani. Wataalamu bado wanavutana juu ya hao ambao pingili zao zinacheza.

Kujua kama inacheza hakuhitaji kipimo cha gharama kubwa. Ni eksirei mbili za pembeni, moja umeinama mbele, nyingine umejinyoosha nyuma, ukiwa umesimama. MRI hupigwa umelala, na pingili inayoteleza ukisimama inaweza kurudi mahali pake ukilala. Mtu ambaye miguu humwuma akitembea, akaketi au akainama kidogo akapata nafuu, na eksirei zake zinaonyesha pingili zimetulia, ana haki ya kumwuliza daktari wake: kwa nini uniunganishe?

Haya, nikiambiwa lazima niunganishwe, njia ni zipi?

Mlango mkuu ni wa mgongoni. Ndiyo njia madaktari wengi hufundishwa kwanza, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Ndani yake kuna namna tatu.

Ya zamani ni kuweka mfupa kando ya pingili, juu ya vijiti vya ubavuni mwa pingili, diski ikiachwa ilipo. Huitwa PLF kwenye karatasi. Ni nyepesi kuliko nyingine, skrubu ziwepo au zisiwepo.

PLIF huenda mbali zaidi. Daktari huondoa diski na kuingiza keji mbili, vijumba vidogo vilivyojazwa mfupa, moja kila upande. Cloward aliieneza njia hii katika miaka ya 1940 na 1950. Ili kupita, neva husogezwa kando kulia na kushoto, na kusogezwa huko ndiko kunakoogopwa: neva iliyovutwa sana huamka na hasira, mguu ukauma au ukalegea.

TLIF ilizaliwa kukwepa hilo. Harms wa Ujerumani alianza kuifanya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Badala ya kupita katikati, daktari huondoa kiungo kidogo cha upande mmoja na kuingia kwa mshazari, keji moja ikatosha. Neva huguswa kidogo. Kwa mtu ambaye mguu mmoja ndio unaomtesa, njia hii ina mantiki, maana mlango unaofunguliwa ni ule ule ulioziba neva.

Kasoro ya njia zote za mgongoni ni misuli. Ili mfupa uonekane, misuli ya kiuno hubanduliwa na kushikwa wazi kwa saa kadhaa, na misuli ile ndiyo ninayohangaika kuiamsha baadaye. Kuna wagonjwa ambao mfupa wao umeshika vizuri kwenye picha lakini kiuno bado ni dhaifu.

Kupitia tumboni si watakata matumbo?

Hapana. Katika ALIF daktari hupita chini ya kitovu na kusogeza utumbo ukiwa ndani ya mfuko wake, bila kuukata. Anapofika mbele ya mgongo anaiona diski nzima, anaweza kuisafisha vizuri na kuweka keji kubwa inayorudisha kimo cha diski na mbonyeo wa kawaida wa kiuno. Misuli ya mgongo haiguswi. Kwa L5 na S1 njia hii ni nzuri mno, kwa sababu mshipa mkuu wa damu hugawanyika mara mbili juu zaidi, karibu na L4, na kuacha uwazi.

Hatari yake iko hapo hapo. Mishipa mikubwa ya damu ya miguu iko jirani, na ikichanika damu hutoka kwa kasi. Ndiyo maana hospitali nyingi huweka mpasuaji wa mishipa ya damu mezani pamoja na wa mgongo. Uliza kama yupo. Mtu aliyekwisha kupasuliwa tumbo mara kadhaa ana makovu yanayoifanya kazi iwe ngumu.

Wanaume, na hasa vijana wanaotaka watoto, waambiwe wazi jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Nyuzi za neva zinazopita mbele ya L5 na S1 zikiumia, mbegu huweza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka. Hutokea kwa wachache, kwa wengine hurekebika na muda, na si sawa na kupoteza nguvu za kiume. Lakini kijana ambaye hana mtoto bado asilisikie neno hili baada ya upasuaji.

Na ubavuni?

Mgonjwa hulazwa ubavu, daktari akapita katikati ya msuli mkubwa wa kiunoni uitwao soasi, au mbele yake kidogo. Damu inayopotea ni kidogo na keji huwa pana. Neva za paja hupita ndani ya msuli huo, kwa hiyo ganzi ya paja au udhaifu wa kunyanyua goti huonekana mara nyingi wiki za mwanzo, na kwa wengi huisha. L5 na S1 haifikiki kwa kupita ndani ya msuli huo. Mfupa wa nyonga umeziba. Kinachotakiwa pia ni chombo cha kufuatilia neva wakati wa upasuaji. Pasipo chombo hicho, mimi nisingependa ndugu yangu apasuliwe kupitia msuli huo.

Upasuaji wa tundu dogo je?

Hiyo si njia ya nne. Ni namna ya kupita njia zile zile, mara nyingi TLIF, kwa mirija badala ya mkato mrefu. Damu hupotea kidogo, siku za kulazwa hupungua, misuli husalimika zaidi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, waliopasuliwa kwa tundu na waliopasuliwa kwa mkato hukaribiana sana. Mkono wa daktari aliyefanya mkato mara mia ni salama kuliko mkono unaojifunza tundu juu yako.

Sasa jibu moja kwa moja: ipi bora?

Mwaka 2002 Sweden walilinganisha njia tatu kwa wagonjwa wa maumivu sugu ya kiuno: mfupa tu bila skrubu, mfupa na skrubu, na mfupa na skrubu pamoja na kuunganisha hata sehemu ya diski. Mifupa ilishika kwa asilimia 72, 87 na 91. Ukiishia hapo utasema ya tatu imeshinda. Lakini maumivu yalipungua kwa kiasi kile kile katika makundi yote, huku matatizo ya mwanzo yakipanda: asilimia 6, 16, kisha 31.

Tarakimu hizo huwa nawaandikia watu kwenye karatasi. Upasuaji mzito zaidi hutoa picha nzuri zaidi, na mgonjwa haishi ndani ya picha. Vifaa vimeboreka tangu hapo, sikatai. Bado ningechagua hivi: neva imebanwa upande mmoja na pingili inacheza, TLIF; diski ya L5 na S1 imekwisha kabisa na mbonyeo wa kiuno umepotea, ALIF pakiwa na timu kamili; mzee mwenye mifupa dhaifu, upasuaji mdogo kuliko wote unaoweza kuipa neva nafasi. Na juu ya hayo yote, njia ambayo daktari wako huifanya kila wiki.

Ukipasuliwa mgongo si unapooza?

Hofu hii imewafanya watu wengi wakae na miguu inayokufa ganzi hadi wakachelewa. Uti wenyewe wa mgongo huishia karibu na L1 na L2. Chini ya hapo kuna fungu la neva zinazoning'inia kama mkia. Anayefanya kazi kwenye L4 na L5 hayuko kwenye uti. Anaweza kuumiza neva moja, na unyayo ukashindwa kunyanyuka, jambo zito na la kweli; kupooza miguu yote miwili ni nadra sana.

Dalili gani hazisubiri rufaa?

Mkojo kuziba au kutoka bila kujua, haja kubwa kuponyoka, ganzi sehemu unazokalia, miguu yote miwili kulegea ghafla. Hapo ni kwenda Hospitali ya Bombo usiku huo huo, si kungoja kukuche. Kila saa ina thamani.

Mazoezi hayawezi kuniponya bila kisu?

Kwa maumivu ya kiuno tupu, mara nyingi yanakaribiana na kisu. Sweden mwaka 2001 waliona waliounganishwa wakipata nafuu kwa asilimia 63, na waliobaki na tiba ya kawaida asilimia 29. Watu wakashangilia. Lakini Uingereza mwaka 2005, wakiwa na wagonjwa 349, walipowapa wasiopasuliwa mazoezi makali ya wiki tatu, siku tano kwa wiki, pamoja na kufundishwa kutoogopa maumivu, tofauti ilibaki ndogo sana. Norway nao walikuwa wameona vivyo hivyo mwaka 2003.

Nasema hili kwa uchungu. Mazoezi yaliyoshindana na kisu yalikuwa ya kila siku. Mgonjwa wangu wa Muheza huja mara moja kwa wiki, nauli ikipatikana, kisha huambiwa kwamba "mazoezi yameshindikana". Hayajashindikana, hayajafanyika. Ndiyo maana siku hizi nafundisha na mtu wa nyumbani, mke, mume au kijana, ili zoezi lifanyike kila siku huko huko.

Nijiandae vipi?

Acha sigara, na ugoro pia, maana nikotini huzuia mfupa kushika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 uliona mifupa ikigoma kushika kwa kiasi cha watu 14 kati ya 100 wasiovuta, na 26 kati ya 100 walioendelea kuvuta. Kisukari kishuke kwanza. Sukari ikiwa juu kidonda huoza. Mama aliyepita ukomo wa hedhi aulize kuhusu udhaifu wa mifupa, kwa kuwa skrubu kwenye mfupa laini hulegea. Diklofenaki za kujinunulia dukani usizimeze baada ya upasuaji bila kumwuliza daktari, kwa kuwa zikizidi zinaweza kuchelewesha mfupa, mbali na kuumiza tumbo na figo.

Unafanyika wapi, na nirudi na nini mkononi?

Rufaa nyingi za mgongo kutoka huku huenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kabla ya kusafiri thibitisha bima yako inalipia nini, skrubu na keji zikitajwa kwa jina, maana hivyo ndivyo vinavyogharimu. Ukirudi, dai ripoti ya upasuaji: pingili zipi, njia ipi, mfupa ulitoka wapi. Niliwahi kumpokea baba mmoja mwenye kovu refu na karatasi iliyoandikwa "upasuaji wa mgongo" tu. Tulipoteza wiki tatu kutafuta alichofanyiwa, naye akizidi kukakamaa kitandani.

Safari ya Dar hadi Tanga na mgongo mbichi itakuwaje?

Upasuaji huu si wa waja leo waondoka leo. Ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Chalinze na Segera, na kukaa ndiko kunakochosha kiuno kilichopasuliwa kuliko kutembea. Ukiwa na ndugu Dar, kaa kwake mpaka daktari akuruhusu kusafiri. Njiani shuka kila basi linaposimama, utembee, unyooshe na miguu ili damu isigande. Kiti cha nyuma kabisa usikubali. Matuta yote huishia huko.

Nyumbani nitaishije?

Tembea tangu siku za kwanza, kila siku zaidi kidogo. Kwa miezi mitatu hivi usiiname kwa kiuno, usijipinde, usibebe kizito. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hata ukiitwisha kichwani mzigo wote hushukia kiunoni, mwingine achote. Jiko lipandishwe juu ya meza. Mbuzi ya nazi, mama zangu, iacheni kabisa kwa muda huo. Ile namna ya kukaa chini umekunja kiuno na kusukuma mikono ndiyo mbaya kuliko kazi zote za jikoni. Nazi ikunwe na mwingine, au inunuliwe iliyokwisha kukunwa sokoni.

Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Fundi yeyote hutoboa.

Kuhusu swala, wazee huniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Uswali kwenye kiti, ukiashiria rukuu na sujudu kwa kichwa. Mgonjwa ana ruhusa yake, na shehe wa mtaani kwako atakuthibitishia. Mfupa ukishashika kwenye picha, njoo tuanze kurudi chini polepole: kwanza goti moja, mkono umeshika kiti, kisha goti la pili. Aliyeunganishwa L5 na S1 tu, wengi wao hurudia sujudu yao. Waliounganishwa pingili tatu au nne, baadhi hubaki na kiti, na msikitini wawekewe nafasi yao mwishoni mwa safu.